Kaimu wa Miezi Sita, Mwaka wa Tano

Mlango wa tatu kushoto, ghorofa ya kwanza, ulikuwa na kibao cheusi cha plastiki kilichoandikwa MKUU WA IDARA kwa herufi nyeupe. Kabla ya neno MKUU palikuwa na nafasi ndogo, na kwenye nafasi hiyo mtu alikuwa amebandika karatasi iliyokatwa kwa mkasi na kuandikwa kwa kalamu nene: KAIMU. Nilikuwa mtunza kumbukumbu mpya, kijana, kwenye halmashauri ambayo sitaitaja, na mkasi wa ofisi ulikuwa wangu. Kila selotepu ilipokauka na karatasi kuanza kujikunja, nilikata nyingine. Katika miaka mitano nilikata karatasi nne. Nilipokuwa nabandika ya nne nilimwuliza Mzee, mwenye mlango huo, kama nisimtengenezee ya plastiki, ilingane na kibao. Alicheka, kisha akanyamaza.

"Usinitie mkosi, mwanangu," akasema. "Ya plastiki ni ya kudumu."

Mwongozo huu nauandika kwa ajili yake na wenzake. Wako wengi kuliko wanavyohesabiwa: makaimu, wa mkataba wa miezi mitatu mitatu, walioazimwa kutoka idara nyingine "kwa muda mfupi" na hawajarudishwa, wanaojitolea wakingoja kibali cha ajira. Nimekaa masjala, baadaye nikakaa utumishi, na nimeona muda wa mtu ukiongezwa kwa njia mbili tu. Huongezwa na karatasi, au huongezwa na ukimya. Ukimya ni mwepesi zaidi, hautaki saini, hautaki kikao, na hauna nakala kwa mhusika. Ndio maana ofisi huupenda. Na ndio maana wewe unapaswa kuuogopa kama moto wa petroli.

Soma barua yako mpaka mwisho

Siku unayokabidhiwa barua ya kukaimu watu watakupa mkono, na wawili watatu watakuita "bosi" kwa sauti ya kujaribu kama jina linakaa. Pokea mikono yote. Kisha nenda mahali palipotulia, chooni kama hakuna kwingine, usome barua hadi kwenye orodha ya nakala. Tafuta tarehe mbili: ya kuanza na ya kuisha. Ya kuanza utaiona, imepigwa chapa vizuri. Ya kuisha mara nyingi haipo, na badala yake utakuta maneno "hadi hapo utakapoarifiwa vinginevyo."

Hayo maneno manne ndiyo yaliyomla Mzee miaka mitano.

Kanuni za Kudumu katika Utumishi wa Umma wa Tanzania za mwaka 2009 zinasema waziwazi kwamba haitarajiwi mtumishi akaimu nafasi iliyo wazi kwa zaidi ya miezi 6, na kwamba mamlaka ya uteuzi ihakikishe ndani ya miezi hiyo imekamilisha kumpata mwenye cheo. Kenya nao, kwenye Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2017, waliandika kwamba kukaimu kusipungue siku 30 na kusizidi miezi 6. Nchi mbili, vitabu viwili, hesabu moja. Kwa hiyo hata kama barua yako haina tarehe ya kuisha, tarehe ipo. Chukua penseli, hesabu miezi 6 kutoka siku ya kuanza, uiandike juu kabisa ya nakala yako. Iweke na kwenye simu. Mwambie mwenzako wa nyumbani, maana yeye ndiye atakayekumbuka.

Ukishafika mwezi wa 4, andika barua. Usingoje wa 6. Karatasi ya serikali haitembei kwa miguu ya mtu mmoja: inatoka kwako inakwenda kwa afisa utumishi, inapanda kwa mkurugenzi, inakwenda mkoani, inakwenda Dodoma, inangoja upekuzi, na kila kituo ina haki ya kupumzika. Miezi miwili ni haba, lakini angalau itakuwa njiani muda wako unapoisha.

Barua yenyewe iwe fupi. Taja kumbukumbu namba ya barua ya uteuzi, taja tarehe ambayo miezi 6 inatimia, halafu mwisho andika: "Naomba mwongozo wako kabla ya tarehe hiyo." Usilalamike, usijisifu, usieleze ulivyokesha kwenye bajeti. Maneno "naomba mwongozo" nayaheshimu kuliko maneno mengine yote ya ofisini, na sababu yake niliijua masjala. Barua inayosema "kwa taarifa yako" hupewa folio na kulala. Mkubwa huiona, huweka alama ya vema, jalada linarudi kabatini. Barua inayoomba mwongozo haina pa kulala. Aliyeipokea lazima aandike kitu pembeni: apeleke juu, aulize, akubali, akatae. Hata akiandika "tuongee", ameshaandika, na mwandiko wake umebaki kwenye jalada pamoja na tarehe. Umemtoa kwenye ukimya.

Rafiki zako masjala

Wenye vyeo hupita mbele ya dirisha la masjala bila kugeuza shingo. Ni kosa. Ukitaka kujua muda wako umefika wapi, usiende kwa mkurugenzi. Mkurugenzi atakwambia "linashughulikiwa", na hasemi uongo, kwa kuwa aliyemwambia naye aliambiwa hivyo. Nenda masjala, asubuhi, kabla ya saa nne, kabla rundo la siku halijaingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Habari za kwako?"

"Nzuri. Naomba unisaidie, jalada langu binafsi limetoka lini na limekwenda kwa nani?"

Swali hilo lina majibu, kwa sababu kila jalada linalotoka linaandikwa: tarehe, lilikokwenda, nani kalichukua. Ukiuliza "barua yangu vipi?" utapewa pole. Ukiuliza jalada liko kwa nani utapewa jina la ofisi, na ukipata jina la ofisi una mlango wa kugonga. Beba namba ya kumbukumbu kwenye karatasi. Usimlazimishe mtu achambue makabati kwa jina lako peke yake. Sisi tulikuwa na watumishi watatu wenye jina moja la kwanza na la pili, na barua ya kuongezewa muda ya mmoja wao ilikaa miezi saba kwenye jalada la mwenzake aliyekuwa likizo ya masomo. Hakuna aliyeificha. Iliwekwa pale na mtu aliyechoka, saa tisa na nusu alasiri, na mtu huyo ni mimi.

Na kila unachopeleka, peleka nakala mbili. Moja inabaki, ya pili igongwe muhuri wa IMEPOKELEWA wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Si kazini, nyumbani. Droo ya kazini ni ya ofisi.

Tarehe 30 Juni

Sasa niwaongeleshe wa mikataba, ambao hali yao naiona ngumu kuliko ya makaimu. Kaimu akivuliwa ukaimu anarudi kwenye cheo chake na mshahara wake upo. Wa mkataba akiisha, ameisha.

Wengi wao wanalipwa kutoka mapato ya ndani ya halmashauri, si kwenye mshahara wa hazina, na mapato ya ndani yanafuata mwaka wa fedha. Mwaka huo unakufa tarehe 30 Juni, unazaliwa tarehe 1 Julai, na katikati ya hizo tarehe mbili kuna usiku mmoja ambao unaweza kuchukua wiki saba. Bajeti imepita lakini fedha hazijaingia. Dokezo limeandikwa lakini mwenye kusaini yuko safarini. Na mfanyakazi amekuja kazini Julai 1 saa moja na nusu kama kawaida, kwa kuwa kila mtu amemwambia, "Njoo tu, barua inakuja."

Palikuwa na dada mmoja aliyefanya kazi nami masjala. Nilipopanga jalada lake nilikuta barua tisa za mkataba, miezi mitatu mitatu, zinazofanana neno kwa neno. Mchapaji alikuwa anaita barua ya zamani kwenye kompyuta na kubadilisha tarehe. Kwenye barua ya sita alisahau kubadilisha moja, kwa hiyo kwa mujibu wa karatasi dada huyu alikuwa ameanza mkataba kabla haujaisha uliotangulia. Barua ya Julai ilikuwa na tarehe 1 Julai na aliipokea katikati ya Agosti. Wiki zote hizo alifungua dirisha, akapokea barua za watu, akagonga mihuri. Alikuwa anawagongea wengine IMEPOKELEWA na yeye mwenyewe hajapokelewa.

Ningeweza kukushauri usifanye kazi hata siku moja bila karatasi. Najua huwezi, nafasi yako ina watu kumi mlangoni. Basi fanya hivi. Asubuhi ya kwanza baada ya mkataba kuisha, saini daftari la mahudhurio kama siku zote, kisha andika mistari miwili: leo tarehe fulani nimeripoti na ninaendelea na kazi kwa maelekezo ya fulani, naomba barua ya mkataba. Peleka, gonga muhuri, rudi na nakala. Ni karatasi ndogo, lakini ndiyo inayoonyesha kwamba usiku ule wa Juni ulikuwa na mtu ndani yake.

Sheria haikukuacha uchi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliuwekea mipaka mkataba wa muda maalumu, ikaulenga kwa wataalamu na mameneja. Ilikusudia kazi ya kila siku, isiyoisha, iwe na mkataba usio na tarehe ya mwisho. Sheria hiyo hiyo inahesabu kwamba mwajiri akikataa kuhuisha mkataba wa muda wakati mfanyakazi alikuwa na matarajio ya haki kwamba utahuishwa, huko ni kuachishwa kazi. Barua tisa zinazofanana hujenga matarajio. Ila ukumbuke kwamba tangu marekebisho ya mwaka 2016, mtumishi wa umma anatakiwa amalize kwanza njia za ndani ya utumishi wa umma kabla ya kukimbilia vyombo vya sheria za kazi. Na njia za ndani zinasoma jalada. Hazisomi machozi, hazisomi ushahidi wa wenzako walioapa kukusindikiza. Zinasoma kilichogongwa muhuri.

Yule dada alipata mimba wakati wa mkataba wa nane. Likizo ya uzazi kwa sheria yetu ni siku 84. Mkataba wake ulikuwa wa siku 90. Hesabu mwenyewe zinabaki siku ngapi za kuwa mfanyakazi. Aliambiwa kwa upole kabisa kwamba ajifungue salama, akiwa tayari atarudi, "nafasi yako ipo." Akaenda bila malipo. Aliporudi na mtoto wa miezi mitatu mgongoni, dirishani alikuta binti mwingine ambaye naye alikuwa na barua ya miezi mitatu.

Sheria inasema hivi, na yeyote anayesoma haya aikariri: mfanyakazi aliyefanya kazi kwa mwajiri mmoja zaidi ya mara moja ndani ya mwaka, vipindi vyake hujumlishwa, na jumla ikizidi miezi 6 ana haki ya likizo yenye malipo. Vipande vinaunganishwa. Alikuwa na haki yake. Mimi sikujua wakati ule. Nilikuja kusoma miaka baadaye nilipohamia utumishi, na siku niliyosoma niliifunga ile sheria nikatoka nje nikasimama chini ya mwembe mpaka watu wakaanza kuniuliza kama nimefiwa.

Kwa wewe unayesaini

Bosi, nakuheshimu, na najua sababu zako. Ikama imejaa. Kibali hakijatoka. Upekuzi haujarudi. Mtu aliyestaafu hajapatiwa mrithi na kazi haiwezi kusimama. Yote ni kweli. Lakini kuna sababu nyingine ambayo haiandikwi kwenye dokezo: kaimu ni mtiifu. Hasemi hapana. Anajua kiti si chake, na kila ukimpita kwenye korido anasoma uso wako kama anayesoma mawingu.

Utiifu huo una gharama, na anayeilipa ni mwananchi. Mezani kwa Mzee palikuwa na trei tatu za waya: ZINAZOINGIA, ZINAZOTOKA, na ya tatu ambayo haikuwa na kibao, sisi tuliita trei ya subira. Ndimo alimoweka kila jambo lililohitaji mtu kusema ndiyo au hapana kwa jina lake. Ombi la kijiji kuhamishiwa mtumishi. Mgogoro wa mpaka wa kiwanja cha shule. Pendekezo la kufunga ofisi moja ya kata iliyokuwa na nyufa. "Hili tumwachie mwenye kiti," angesema. Hakuwa mwoga, nilimwona akisimama mbele ya wananchi wenye hasira bila kutikisika. Lakini kaimu akiamua vibaya amejinyonga, akiamua vizuri atamkera atakayekuja. Miaka mitano tulimngoja mwenye kiti, na aliyekuwa amekaa kwenye kiti ni yeye. Trei ya subira ikawa ndefu kuliko hizo mbili zikiwekwa pamoja, mpaka ikafungwa kwa kamba ya katani isianguke.

Wala jambo hili halibagui ukubwa wa ofisi. Mwaka 2017 Tanzania ilikuwa na Kaimu Jaji Mkuu, Profesa Ibrahim Juma, kuanzia Januari hadi alipothibitishwa Septemba. Mjadala ulikuwa mkubwa, na ulikuwa wa haki: mhimili unaopaswa kusimama kwa miguu yake unaweza vipi kuongozwa na mtu ambaye barua yake bado ina neno hilo mbele? Alipothibitishwa aliongoza hadi mwaka 2025. Kama swali hilo lilifaa kuulizwa kule juu, linafaa kuulizwa kuhusu msimamizi wa maji wilayani, ambaye maji yake watu wanayanywa.

Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimelirudia hili mwaka baada ya mwaka: watumishi wanaokaimu kupita miezi 6. Wakaguzi huandika, taasisi hujibu kwamba mchakato unaendelea, na mwaka unaofuata hoja ile ile inahamia ukurasa mwingine. Usitake jina la ofisi yako liwe kwenye ukurasa huo. Njia ya kulitoa ni nyepesi kuliko unavyodhani.

Kabla hujamkaimisha mtu, fungua muundo wa utumishi uone kama ana sifa za kuthibitishwa. Asipokuwa nazo, utakuwa umempandisha mtu juu ya mti na kuondoka na ngazi: kushuka ni aibu, kupanda zaidi hawezi. Mtafute mwingine mwenye sifa, hata kama hakufurahishi sana kikaoni. Kisha andika barua yenye tarehe ya kuisha. Na ikibidi uongeze muda, ongeza kabla haujaisha, kwa dokezo la mistari mitatu: kwa nini nafasi bado iko wazi, hatua gani imefikiwa, muda mpya unaisha lini. Sababu iwe ya kweli. "Kwa manufaa ya umma" si sababu, ni kitambaa cha meza. Omba kibali cha posho yake siku hiyo hiyo unayomkabidhi kiti. Usimwache adai malimbikizo kama anayeomba hisani. Halafu mwite ofisini, mkalishe, mweleze kwa mdomo wako. Dakika kumi. Mzee alingoja dakika hizo kumi tangu mwaka wa kwanza, na kila simu ya mezani ilipolia alinyoosha kola kwanza ndipo akapokea.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mtumishi wa muda tunampa jembe siku ya kwanza, saa moja na nusu, hata chai hajanywa. Basi siku ya tatu ifike naye aache kuitwa mgeni.

Jirani wamefanyaje

Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazojumlika kuwa mwezi mmoja au zaidi, hachukuliwi tena kama kibarua wa siku; mkataba wake unahesabiwa wa mshahara wa mwezi. Sheria nzuri. Pamoja na hayo, wahudumu wa afya walioajiriwa mwaka 2020 kwa mpango wa afya kwa wote waliongezewa mikataba, wakaahidiwa, na mwaka 2025 walipiga kambi nje ya Afya House, makao ya Wizara ya Afya, Nairobi, wakidai ajira ya kudumu. Kuhusu walimu wanagenzi wa sekondari ya msingi, mahakama ya kazi ilisema mwaka 2024 kwamba wametendewa isivyo haki, wakagoma mwaka huo huo, na maelfu yao wakaingizwa kwenye masharti ya kudumu kuanzia Januari 2025. Ninachojifunza kwao ni kwamba walihesabiana. Kila mmoja alijua wenzake wangapi wana barua kama yake. Kwetu, kaimu wa idara hii hajui kaimu wa idara ile naye yuko mwaka wa nne. Wanasalimiana kwenye korido kama wakubwa wawili.

Na si Afrika peke yake. Marekani, mwaka 1993, alifariki mfanyakazi wa usafi kwenye Kumbukumbu ya Lincoln jijini Washington aliyekuwa ametumikia takriban miaka minane kwa mikataba ya muda inayoongezwa na kuongezwa. Hakuwa na bima ya maisha wala pensheni ya kuiachia familia. Bunge liliuliza maswali, na mwaka uliofuata kanuni zikabadilishwa: ajira ya muda mwaka mmoja, inaongezwa mwaka mmoja, inakoma hapo. Ilibidi mtu wa ufagio afe ndipo kalenda ikawekewa mwisho.

Nyumbani kwako

Usikope kwa posho ya kukaimu. Posho ya kukaimu haijengi nyumba, inapaka rangi. Mkopo pimia mshahara wa cheo chako halisi, kwa kuwa huo ndio utakaobaki barua ikifutwa asubuhi moja ya Jumatatu. Wa mkataba, benki itakuuliza kama uko kwenye masharti ya kudumu na malipo ya uzeeni, nawe usiumie. Hakuna aliyekudharau, ni fomu. Uliza badala yake kama michango yako ya hifadhi ya jamii inapelekwa, na usikubali jibu la mdomo. Omba taarifa ya michango kila miezi 3. Mwezi uliokosekana ukiugundua mapema unafuatilika. Ukiugundua uzeeni unazikwa nao.

Na waambie watoto ukweli kuhusu kazi yako. Mtoto wa Mzee alikuwa akijaza fomu za shule, kwenye kazi ya baba anaandika "Mkuu wa Idara." Mzee alikuja kuziona fomu hizo siku moja ofisini kwangu, akatoa kalamu mfukoni, akaongeza neno moja mbele.

Alistaafu akiwa na miaka 60, kama kanuni inavyotaka, bado kaimu. Mafao yake yalipigwa kwa mshahara wa cheo chake cha zamani. Tulimfanyia sherehe ya soda na keki kwenye ukumbi mdogo, na mgeni rasmi akamsifu kwa kuiongoza idara miaka mitano. Aliiongoza kweli. Jioni nilipanda ghorofani nikabandua karatasi ya nne. Gundi ilikuwa imeacha alama ya mraba kwenye kibao, nyeupe kuliko pembeni yake.

Kesho yake afisa utumishi alinishushia jina la kaimu mpya, mama mmoja kutoka idara ya mipango, akaniambia nikate nyingine. Niliikata kubwa kidogo kuliko zilizotangulia. Niliandika KAIMU juu kwa kalamu nene, na chini yake, kwa herufi ndogo za biki, nikaandika tarehe ya miezi 6 mbele.

Alipofika aliisoma akiwa bado ameshika funguo.

"Hii tarehe ni ya nini?"

"Ya kuisha, mama. Nikiambiwa niitoe nitaitoa."

Aliitazama tena. Akafungua mlango, akaingia, akaiacha palepale. Mwezi wa 4, wiki ya kwanza, alikuja mwenyewe dirishani na barua ya nusu ukurasa na nakala yake, akaniomba nizigonge muhuri zote mbili.